Pedali Mbili na Gitaa Moja

Kila jioni masomo yalipokwisha, Purity alifungua stoo ya muziki kwa ufunguo aliokabidhiwa na Mwalimu Ndwiga. Alitoa kayamba, akasukuma ngoma hadi ukumbini, akaburura spika, kisha akalitoa gitaa la umeme polepole kana kwamba ni mtoto mchanga aliyelala. Shule yao, iliyo juu kidogo ya soko la Kianjokoma, ilikuwa na gitaa moja tu la namna hiyo. Wapigaji walikuwa wawili, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Mpigaji wa pili alikuwa Gichovi. Yeye na Purity walisoma darasa moja, wakapanda kilima kimoja kwenda nyumbani, lakini salamu hawakupeana. Gichovi alitangaza darasani kwamba Purity hupiga gitaa kama mtu anayepura maharagwe. Purity naye akajibu kwamba vidole vya Gichovi ni vigumu kama mizizi ya mchai. Kila mmoja alipopiga, mwenzake alikunja uso kama aliyelamba shubiri. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa dogo.

Jumatatu moja Mwalimu Ndwiga aliingia ukumbini na visanduku viwili vya chuma, kila kimoja si kikubwa kuliko mche wa sabuni. Alikuwa ameviazima kwa Bwana Idrisi, fundi wa spika mjini Embu.

"Hizi ni pedali za mwangwi," alisema. "Unaziweka sakafuni kati ya gitaa na spika, unakanyaga, na kila sauti unayopiga inarudi tena nyuma yake. Tutabaki na moja kwa ajili ya tamasha la mashindano ya shule mjini Embu. Nyingine itarudi kwa mwenyewe."

Akazijaribisha moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya analogi. Sauti iliporudi, ilirudi nzito zaidi na hafifu zaidi kila mara, mpaka ikayeyuka. Ya pili ilikuwa ya dijitali. Hiyo ilirudisha sauti safi kabisa, mwangwi wa nne ukiwa wazi sawa na wa kwanza, na iliweza kuuchelewesha kwa muda mrefu kuliko mwenzake.

"Dijitali!" Gichovi aliruka. "Ile nyingine ni ya wazee. Inasikika kama mtu anayeimba na blanketi mdomoni."

"Na hiyo yako ni kasuku," Purity akamkatiza. "Inarudia kila kitu kwa kelele. Hidaya ataimba saa ngapi?"

Hidaya ndiye aliyeongoza wimbo wao wa kuhimiza watu watunze mito. Alifungua kinywa kujibu, lakini hakuna aliyemngoja.

"Wewe unajua nini kuhusu pedali? Umeziona leo!"

"Na wewe umezaliwa nazo?"

"Kimya!" Mwalimu Ndwiga aligonga meza. "Ijumaa kila mmoja atapiga wimbo wetu kwa pedali anayoitetea, mbele ya darasa zima. Wasikilizaji watachagua. Atakayeshinda atapiga gitaa kwenye tamasha. Atakayeshindwa atashika kayamba."

Maskini mwalimu! Alidhani anazima moto, kumbe anauongezea kuni. Tangu siku hiyo wawili hao walitazamana kwa chuki ya waziwazi. Gichovi alipopita karibu na dawati la Purity alitikisa mkono hewani, *chaka chaka chaka*, kumwonyesha kayamba itakavyomfaa. Purity aliumia. Gitaa hilo ndilo kitu pekee alichokitaka shuleni, na wazo la kusimama nyuma na kayamba huku Gichovi akishangiliwa lilimchoma usiku na mchana.

Alhamisi jioni ilikuwa zamu ya Gichovi kufanya mazoezi. Alikuja na rafiki yake Swaib, mpiga ngoma, mwana wa mwenye bucha pale sokoni. Walihangaika na kifundo cha pedali kinachopanga muda wa mwangwi. Wakizungusha mbele, mwangwi ulichelewa. Wakirudisha nyuma, uliwahi. Mwishowe ukaangukia katikati ya mapigo ya ngoma barabara, na wimbo ukachangamka hata wapishi wakatoka jikoni kusikiliza.

"Usikiguse tena," Swaib alisema akicheka. "Kesho tunamzika mtu."

Purity alisikia yote akiwa mlangoni na ufunguo mkononi. Bado aliamini kwamba pedali ya analogi ndiyo iliyoufaa wimbo, lakini aliogopa kwamba kesho hakuna atakayejali. Wavulana walipoondoka, aliingiza vyombo stoo. Alijiambia anaitazama tu ile pedali. Kisha akainama akakizungusha kifundo kidogo sana, upana wa punje ya mchele, akafunga mlango na kukimbia nyumbani.

Ijumaa Purity alipiga kwanza, na alipiga vizuri. Wenzake walimshangilia. Gichovi akasimama, akajiweka sawa, akamkonyeza Swaib na kuanza.

Mwangwi uliteleza nje ya ngoma tangu mstari wa kwanza. Kwenye pedali ya analogi huenda kosa lingefifia likapita, lakini dijitali ililirudisha safi, mara ya pili, ya tatu na ya nne. Wimbo ulichechemea. Watoto wakaanza kucheka.

"Ongeza kasi!" Gichovi alimfokea Swaib. Swaib akaongeza, mambo yakaharibika zaidi. Gichovi akaacha kupiga.

"Mwalimu, huyu ananiharibia makusudi! Anapiga pole!"

"Mimi? Napiga vile tulipiga jana!"

"Mkono wako ni wa kukata matumbo ya mbuzi, si wa ngoma! Rudi kwa bucha ya baba yako!"

Swaib aliviangusha vijiti. Alimrukia Gichovi, wakabingirika sakafuni, na ilimbidi Mwalimu Ndwiga awashike mashati kuwatenganisha. Shavu la Gichovi lilikuwa limechubuka. Swaib alitweta kwa hasira.

"Umemtusi baba yangu mbele ya watu," alisema. "Sirudi hapa mpaka uniombe msamaha mbele ya watu hao hao."

"Nikuombe msamaha kwa kosa lako? Ngoja mpaka uzeeke!"

Swaib akaondoka. Darasa likainua mikono, pedali ya analogi ikashinda, gitaa likawa la Purity. Alipokuwa akirudisha vyombo stoo, alikizungusha kile kifundo hadi pale pale alipokikuta. Sasa hakukuwa na alama yoyote ya alichokifanya, na ilimpasa afurahi. Hakufurahi hata kidogo.

Juma lililofuata kundi liligeuka uwanja wa vita. Mwanafunzi mwenzao, Antony, aliwekwa kwenye ngoma, akaipiga kama anayefukuza kuku. Gichovi alishika kayamba kwa kisirani na kumlaani Swaib kila jioni. Hidaya alichoka akaketi chini.

"Bila Swaib tutaaibika Embu," alisema. "Purity, nenda wewe umbembeleze. Wewe hujamkosea."

Neno hilo lilimchoma Purity, lakini alikwenda. Alimkuta Swaib nyuma ya bucha akisugua gogo la kukatia nyama.

"Nimesema sirudi," Swaib alisema bila kumtazama. Kisha akaacha kusugua. "Purity, wewe ulikuwepo. Niambie ukweli. Nilipiga pole?"

Purity alitazama viatu vyake. "Sijui," akajibu.

"Kila mtu anasema nilipiga pole. Nimejaribu kukumbuka hadi kichwa kinauma. Pengine Gichovi ana haki. Pengine mkono wangu si wa ngoma."

Aliendelea kusugua gogo. Purity aliona macho yake yamejaa machozi, akageuka upesi akaenda zake. Alikuwa amemnyang'anya Gichovi gitaa, hilo alilijua. Hakujua kwamba angemnyang'anya Swaib imani ya mkono wake mwenyewe.

Jumamosi alimsindikiza mama yake, Mama Alice, kupeleka majani chai kwenye banda la kununulia. Mbele yao alisimama jirani mmoja na kikapu kilichojaa pomoni. Karani alikimwaga mezani, kama inavyofanywa kwa kila mtu. Juu kulikuwa na majani mawili na chipukizi, laini kabisa. Chini yakatokea majani makuukuu, magumu kama ngozi ya ng'ombe.

"Ondoa," karani alisema. "Yote."

"Jamani, kijana! Mengi ni mazuri! Si unaona?"

"Naona. Lakini umeyachanganya mwenyewe, mama. Sasa nitaamini lipi?"

Jirani alifoka, akatukana, akakusanya majani yake huku wengine wakimcheka. Purity alihisi joto usoni kana kwamba yeye ndiye aliyefukuzwa. Njiani kurudi alimweleza mama yake kila kitu, akitarajia kugombezwa, na kweli aligombezwa.

"Hata aibu huna!" Mama Alice alisema. "Mtoto wa watu anajiona hafai, na wewe umenyamaza na ufunguo shingoni! Na kwa nini unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyetukanwa?"

"Hapana, mama."

"Basi unajua pa kwenda."

Jumatatu Purity alimwomba Mwalimu Ndwiga amwite Swaib. Kundi lote lilipokusanyika, alisimama mbele.

"Swaib hakupiga pole," alisema. "Mimi nilizungusha kifundo cha pedali ya Gichovi Alhamisi, baada yenu kuondoka. Halafu nikakirudisha ili nisijulikane."

Ukumbi ukalipuka.

"Nyoka wewe!" Gichovi alipiga kelele. "Nilijua! Mwalimu, afukuzwe!"

"Mwizi!" Antony akadakia. Hata Hidaya alimgeuzia mgongo. Purity hakujitetea. Swaib peke yake hakupiga kelele. Alimsogelea akamtazama usoni.

"Kwa hiyo nilipiga sawa?"

"Ulipiga sawasawa kabisa."

Swaib alivuta pumzi ndefu, akaenda akavichukua vijiti vyake.

"Na wewe, Gichovi," Mwalimu Ndwiga alisema, "ulimlaumu rafiki yako kabla ya kukagua kifundo. Ulimtusi yeye na baba yake. Unangoja nini?"

Gichovi alimgeukia Swaib. Ilimchukua muda mrefu, na maneno yalitoka moja moja, lakini alimwomba Swaib msamaha mbele ya wote. Swaib akaitikia kwa kichwa. Hawakukumbatiana, ila ngoma ilirudi kwa mwenyewe.

Kisha mwalimu akaamuru pedali zijaribiwe upya. Safari hii wasikilizaji waligeuka ukutani wasione lolote. Gichovi alipiga zote mbili, Purity akakaa mbali na vifundo, Hidaya akaimba. Vifundo vyote vilikuwa mahali pake, na pedali zote mbili zilisikika vizuri. Lakini mikono ilipoinuliwa, mingi ilichagua ile ya kwanza.

"Hiyo ndiyo ya analogi," mwalimu akasema.

"Ninapoimba, inarudi nyuma na kuniachia nafasi," Hidaya alieleza. "Ile nyingine ni nzuri, lakini tunagombania maneno."

Gichovi alikuna kichwa. "Ni kweli," alikiri, akinung'unika. "Kwa wimbo huu, ni kweli."

Kwa dakika moja moyo wa Purity uliinuka. Mwalimu Ndwiga akanyoosha kiganja.

"Ufunguo, Purity."

Akauvua shingoni akampa.

"Pedali ni ya analogi. Gitaa litapigwa na Gichovi. Wewe utashika kayamba."

Purity alilia jioni hiyo, lakini kesho yake alikuja mazoezini na siku zote zilizofuata. Wenzake hawakumsamehe kwa haraka. Walimwita fundi wa vifundo na kumchunga kama kuku anayenyemelea mtama. Aliitikisa kayamba bila kukosa pigo.

Siku ya tamasha mjini Embu, walipokuwa wakingoja kupanda jukwaani, Gichovi alimjia na pedali mkononi, uso umekunjamana.

"Hii unaijua wewe kuliko mimi. Niwekee," alisema. "Lakini macho yangu yako kwenye mkono wako."

Purity aliinama akapanga vifundo, Swaib akipiga ngoma taratibu kwa vidole ili auweke mwangwi mahali pake. Walipopanda, Hidaya alisikika neno kwa neno, na gitaa likamfuata nyuma likififia. Walishika nafasi ya pili, na ukumbi mzima ulisimama kuwapigia makofi, ingawa waliomtazama mpiga kayamba walikuwa wachache.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Purity alimsogelea Mwalimu Ndwiga.

"Mwalimu, pedali niliyoichagua ndiyo iliyokuwa bora. Tangu mwanzo."

"Najua."

"Hata bila kugusa chochote, pengine ningeshinda."

"Na hilo ndilo linalouma, sivyo?" Mwalimu aliweka waya chini akamtazama kwa upole. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile ukweli ulikuwa upande wako, na hukuuamini. Ukaona lazima uusaidie kwa hila. Mtu mwenye hoja ya kweli aitetee waziwazi, hata kama ataogopa kushindwa. Akiitilia uongo, watu watautupa ukweli pamoja na uongo wake, na hatakuwa na wa kumlaumu. Sikio lako lilishinda, Purity. Ni mkono wako uliokushinda."

Purity aliinama, akaokota kayamba, akawafuata wenzake.