Taa Aliyoichaji Shemeji

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na kipande cha mwisho nilikiona kwa macho yangu mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni porojo za kijiweni.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Nilifunga cherehani zangu mapema nikamsindikiza dada kwenye duka la baiskeli, maana shemeji alikuwa amemwalika kupanda naye mlima kwa baiskeli jioni ya kesho yake na kushuka gizani. Mwaka mzima shemeji hakuwa amegusa mlima ule. Rafiki yake kipenzi, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye sote tulimwita Cheche, alitumbukia gengeni huko wakiwa wawili tu. Shemeji alirudi bila mkwaruzo. Tangu siku hiyo alikuwa halali taa ikiwa imezimwa, na sisi tukamhurumia. Sasa alitaka kwenda tena, tena na mkewe, na dada alifurahi akidhani mumewe anapona.

Dada yangu anatengeneza meno ya bandia. Kutwa yuko chini ya taa akitafuta kasoro nyembamba kama unywele, kwa hiyo usifikiri alinunua taa kama mtu anayenunua nyanya. Aliziwasha moja moja kwenye stoo ya duka, mlango umefungwa. Akazimwagia maji ya chupa. Akafunga moja kwenye usukani wa baiskeli ya maonyesho, akaitikisa mpaka kengele ikalia yenyewe.

"Dada, unanunua taa au unaichumbia?" mwenye duka akamuuliza.

"Mchumba akiniangusha nitamfukuza. Hii ikinizimikia kule juu nimekwisha."

Mwenye duka akacheka, kisha akamweleza jambo ambalo waendesha baiskeli wa usiku wote wanalijua. Taa ya kwenye helmeti inakaa karibu mno na macho. Ukiitumia peke yake huoni vivuli, na bila vivuli njia yote inakuwa bapa kama shuka, shimo na jiwe huvitofautishi. Taa ya usukani iko chini, kila jiwe linapata kivuli chake, nawe unajua pa kupita. Ya helmeti ni ya kukusaidia kona tu. Dada akachagua ya usukani iliyo imara kuliko zote. Alipotaka na ya helmeti, shemeji akampigia simu. Usinunue, alisema, mimi ninayo nzuri hapa.

Aliyokuwa nayo ilikuwa ya Cheche.

Jioni ile shemeji aliipokea taa mpya kwa mikono miwili. "Niachie mimi mke wangu, nitakuchajia." Nani angemkatalia? Shemeji ni fundi simu, betri ni kazi yake. Tena mtu mwenyewe mpole, hata mtaani walimwita Taratibu. Nilikaa pale sebuleni nikimtazama akiifungua taa ile kwa bisibisi ndogo, akiifuta ndani kwa brashi, na nikamwambia dada kwamba amepata mume.

Kesho yake walipanda jua likiwa bado linawaka. Juu kabisa walipumzika, wakanywa maji, giza likaingia. Dada akawasha taa zake zote mbili, na kitaa cha kuonyesha chaji kilikuwa kijani. Wakaanza kushuka, shemeji mbele, dada nyuma akifuata taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli yake.

Walikuwa na kanuni moja, ile ya wote wanaoendesha usiku: usigeuze kichwa kumtazama mwenzako, taa ya helmeti itampofusha. Mnasemeshana mkiangalia chini. Ndiyo maana watu wanaweza kukaa pamoja gizani muda mrefu bila kuonana uso.

Walifika mahali wanapopaita Mgongoni. Njia ni nyembamba, na upande mmoja ni genge.

Taa ya usukani ikazimika.

Haikufifia. Ilizimika tu. Dada akabonyeza swichi. Haikuwaka. Akakamata breki, akashusha miguu. Taa ya Cheche ilikuwa inawaka kwenye helmeti, lakini ardhi yote mbele yake ilikuwa nyeupe, bapa, haina jiwe wala shimo. Mbele kidogo taa nyekundu ya shemeji nayo ikasimama.

"Taa imekufa," dada akasema.

"Njoo moja kwa moja," shemeji akajibu. "Fuata nyekundu yangu."

Dada akauinua mguu akanyage pedali. Hapo ndipo mwanga ulipotokea nyuma yake.

Alidhani ni waendeshaji wengine. Hakugeuka, kwa ile kanuni. Lakini hakusikia cheni. Hakusikia tairi. Mwanga ulisogea tu, chini chini, kimo cha usukani, na kivuli cha dada mwenyewe kikajilaza mbele: yeye, helmeti, baiskeli.

Na mtu mwingine amesimama ubavuni pake, mkono begani.

Dada anasema bega halikuhisi kitu. Hata baridi. Aliuona mkono ule kwenye kivuli tu, vidole vitano, vimekunjika kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara.

"Ni yeye?" shemeji akanong'ona kutoka kule.

"Nani?"

"Usigeuke. Njoo kwangu."

Sasa dada alikuwa anaona. Mwanga ule wa nyuma ulikuwa umerudisha vivuli. Kila jiwe lilikuwa na chake, vimelala kwa mstari kuelekea mbele, halafu vyote vikakatika pamoja. Baada ya hapo hapakuwa na ardhi. Njia ilipinda kushoto kuzunguka genge, na shemeji alikuwa amesimama ng'ambo ya kona, taa yake nyekundu imeelekezwa kwa dada juu ya shimo tupu. Moja kwa moja, alisema. Mtu anayeijua njia ile kama kiganja chake.

Dada akaizima taa ya helmeti asionekane. Akashuka taratibu, akakaa chini. Baiskeli ikamponyoka. Ikateleza. Ikaenda. Ilichukua muda mrefu kufika chini.

Alijiziba mdomo kwa glavu.

Ng'ambo kule shemeji alisikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole anayomwambia mteja simu yako iko tayari:

"Haya, Cheche, nimekupa mwenzako. Nilikuacha ufuate taa yangu, ni kweli, nilikosa. Sasa umempata huyu. Usije tena chumbani kwangu."

Akaondoka. Nyekundu ikateremka mlima, ikipotea na kutokea kwenye kona.

Ule mwanga ukampita dada pale alipokaa. Haukuwa na mtu. Haukuwa na baiskeli. Ulipita karibu kiasi cha kuugusa, ukapinda kushoto na njia, ukashuka polepole nyuma ya ile nyekundu.

Dada alitambaa. Alishuka mlima mzima akipapasa kwa mikono, na alipofika barabara ya lami kulikuwa kunapambazuka.

Sasa sikia ya kwetu. Sisi nyumbani tulishapewa habari kwamba dada yangu amekufa. Viti vilikuwa vimepangwa uani kwa dada, majirani wamejaa, mama amelazwa chumba cha nyuma hajitambui. Vijana wa mtaani walikuwa wanajiandaa kwenda kuutafuta mwili. Na Taratibu amekaa katikati, macho yamevimba, analia kuliko sisi tuliozaliwa na dada.

"Nilimwambia taa ile haifai," alikuwa anawaeleza watu. "Nilimwambia, mke wangu, umechagua vibaya. Hakunisikia."

Nami nilimshika bega nikimbembeleza. Mimi huyu, niliyesimama dukani nikimwona dada akiimwagia maji taa ile.

Dada akaingia getini, magoti yamechanika, glavu zimetoboka, viganja damu tupu. Nilimkimbilia nikamshika uso, nikahakikisha ni wa moto. Yeye alikuwa anamtazama mumewe.

"Ulibadilisha betri," akasema kwa sauti ya chini.

Shemeji hakumtazama usoni. Alitazama nyuma ya bega lake, getini, mahali ambapo mimi sikuona mtu. Midomo ikamcheza. Akainuka, akarudi kinyumenyume ndani ya nyumba, akaingia chumbani na tukasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Wanaume waliuvunja mlango. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa kwa ndani. Dirisha lina nondo, nazo zilikuwa salama. Taa ya chumba ilikuwa imezimwa. Shemeji hakuwemo, na mpaka leo hakuna aliyemwona.

Sakafuni palikuwa na alama ya tairi, tope bichi, katika msimu ambao hatukuwa tumeona hata tone la mvua. Ilianzia kizingitini ikanyooka mpaka ukingo wa kitanda, upande aliokuwa akilala shemeji. Ya kutoka haikuwepo.

Tulipiga deki, ikarudi. Tukatoa kitanda, ikarudi. Mwisho dada akamwita fundi, akaichimbua sakafu yote na kumwaga saruji mpya. Tulifunga chumba kwa kufuli na dada akalala na ufunguo mkononi. Asubuhi tulifungua pamoja. Saruji ilikuwa bado mbichi, na tairi lilikuwa limeshapita juu yake, limezama kina cha kidole, mpaka pale kitanda kilipokuwa. Pembeni yake palikuwa na alama za viganja viwili vya mtu aliyekuwa akiburutwa, na kwenye kimoja, pete ya ndoa ilikuwa imejichora vizuri kabisa.