Hodi Chini ya Sakafu

Kila akitoka shule, msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku alipeleka maganda ya jikoni kwenye shimo la mboji, akamwagilia miche kwa maji yaliyooshewa mboga, kisha akaketi mlangoni kwa Bibi na kuanza kuzungumza. Jina hilo hakupewa bure. Alisema mpaka masikio ya watu yakaomba likizo. Lakini tangu chumba kipya cha Bibi kikamilike, Chiriku alikuwa ameishiwa maneno.

Mtaa wao ulikuwa mpya. Familia zilizouanzisha zilihama bondeni, ambako mafuriko yalikuwa yakiwatoa watu vitandani, na safari hii zilikaa chini na kupanga kabla ya kujenga. Zilikubaliana nyumba zikaribiane, kila paa livune maji ya mvua kwenye tangi, na katikati uachwe ukanda mpana wa nyasi na miti, ambao hakuna atakayeujenga. Mpima ardhi, mwanamke mrefu aliyezoeleka kuitwa Mama Mpimaji, aliweka mipaka ya ukanda huo kwa vigingi vya mti vyenye vichwa vyekundu.

Nyumba ya kina Chiriku ilipakana na ukanda. Ilikuwa ndogo, na Chiriku alilala kitanda kimoja na Bibi, aliyekoroma kama mashine ya kusaga. Alitamani chumba chake mwenyewe mpaka akili ikamruka. Baba yake, fundi baiskeli, alipotangaza kwamba angeongeza chumba ikiwa nafasi ingetosha, Chiriku aliitengeneza hiyo nafasi. Aling'oa vigingi vya nyuma ya nyumba na kuvisogeza ndani ya ukanda. Kimoja kilivunjika mkononi mwake. Kichwa chake chekundu alikifukia palepale, na vilivyobaki vikatosha kumdanganya Baba.

Baba akajenga hadi kwenye vigingi. Chumba kipya akampa Bibi, na Chiriku akabaki na kile cha zamani, akijinyoosha kitandani kama malkia.

Hodi ya kwanza ilisikika alasiri, jua likiwaka.

Ko, ko, ko.

"Karibu," Bibi akaitikia, huku akishona kifungo cha gauni.

Hakuingia mtu. Chiriku alikwenda mlangoni akachungulia. Uwanja ulikuwa mtupu, na hata upepo haukuwapo.

"Usihangaike, mjukuu wangu," Bibi alisema polepole, sindano ikiwa imesimama hewani. "Si mlangoni. Ni huku chini."

Tangu siku hiyo hodi haikukoma. Tena kila asubuhi sakafu ya saruji ilikuwa na alama za unyevu, zilizoanzia ukuta wa upande wa ukanda na kuishia ukuta wa pili, kana kwamba mtu mwenye miguu iliyolowa amekatiza chumbani bila kufungua mlango. Chiriku alizipangusa kwa kitambaa. Kesho yake zilikuwapo tena, mahali palepale. Paka alifika kizingitini, akanusa, akarudi kinyumenyume. Watoto wa jirani waliacha kuja kucheza.

"Kile chumba kina mwenyewe," walinong'ona.

Bibi naye alianza kukohoa. Kikohozi kilitoka mbali kifuani, na kila siku kilikuwa kirefu zaidi.

"Chiriku wangu, umemeza ulimi?" alimuuliza. "Anayekohoa ni mimi, wewe ndiye sauti imekukauka!"

Chiriku alitabasamu kwa shida. Alijua alichokifanya, na alianza kuhisi kwamba aliye chini ya sakafu anajua pia.

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya milima ya mbali, Mama Mpimaji alikuja kukagua ukanda kabla ya masika. Alisimama nyuma ya nyumba, akautazama ukuta mpya, akavitazama vigingi.

"Ndugu yangu," alimwambia Baba, "umejenga kwenye njia ya maji."

"Hapana, dada. Nimefuata vigingi vyako mwenyewe. Katazame."

Majirani wakakusanyika. "Kama hata yeye hajui alipoviweka," muuza mkaa alisema, "kwa nini tuache ardhi nzuri ikae bure? Mimi naongeza banda."

"Na mimi jiko," akadakia mwingine.

Mara kila mtu akawa ananyoosha kidole, akijikatia kipande chake kama mkate. Mama Mpimaji aliinamisha kichwa. "Labda nilikosea," alisema kwa sauti ndogo.

Chiriku alisikia aibu ikimchoma. Wakati huohuo, kutoka ndani ya chumba ikasikika: ko, ko, ko.

Wote wakageukia ukuta.

"Karibu," sauti ya Bibi iliitikia kutoka ndani, imekwaruza. "Mbona kila siku unabisha na huingii?" Kisha kikohozi kikamkamata na kikakataa kumwachia.

"Ni mimi!" Chiriku aliangua kilio. "Mama Mpimaji hakukosea. Nilivihamisha mimi, nilitaka chumba! Baba, nisamehe. Mtoe Bibi humo!"

Baba hakufoka. Aliingia, akamtoa Bibi kwa mkono, akachukua sururu na kuipasua sakafu kwenye ile alama ya unyevu.

Harufu ya udongo baridi ilipanda. Kifusi walichokuwa wamekishindilia hakikuwapo. Palikuwa na shimo jeusi, na ndani yake maji yalikuwa yakipita kimyakimya. Kitu chekundu kilitokea gizani, kikaelea, kikagonga ukingo wa saruji: ko.

Kilikuwa kichwa cha kigingi alichokifukia Chiriku.

"Huko milimani mvua imeshanyesha," Mama Mpimaji alieleza. "Maji hupita chini ya udongo kabla hatujayaona juu. Yamekichukua kifusi chenu kidogo kidogo, na hiki kipande kikabaki kugonga sakafu."

"Kumbe!" Bibi alisema, akifuta machozi ya kikohozi. "Siku zote namkaribisha mwenye nyumba, na mgeni ni mimi!"

Watu wakacheka, ingawa hakuna aliyethubutu kusogelea shimo. Banda na jiko havikutajwa tena. Chumba kilibomolewa, majirani wakasaidia kubeba matofali, na Chiriku akabeba mpaka mabega yakavimba.

Masika ilifika kwa kishindo. Maji yaliporomoka katikati ya ukanda, yakazunguka miti, yakapita mahali kitanda cha Bibi kilipokuwa, yakaenda zake. Hakuna nyumba iliyoingiwa na maji. Bibi, kifua kikiwa kimeanza kupona, alirudi kukoroma ubavuni mwa Chiriku.

Mvua ilipokatika, Mama Mpimaji alikuja na kigingi kipya badala ya kile kilichovunjika.

"Ungenyamaza, leo tungekuwa tunamtafuta bibi yako huko chini," alimwambia. "Mtaa haupangwi kwa ajili ya watu peke yao, mwanangu. Maji yana njia yake na miti ina nafasi yake. Ukiiba nafasi hiyo, atakayeumia ni jirani yako au mtu wa nyumbani kwako. Na ukikosea, sema ukuta ukiwa bado mfupi."

"Nimesikia, Mama."

"Haya, kirudishe pale ulipokitoa."

Chiriku alichukua nyundo ya Baba, akalitafuta tundu la zamani, akapigilia. Ko, ko, ko.

"Karibu!" Bibi akaitikia kutoka ndani.