Usafi wa Jumatano

"Dada, mabuti hayo nimeyashika kwanza mimi."

"Umeshika moja, kaka. Jingine nimelishika mimi. Sasa tufanyeje, tuvae kwa zamu?"

Muuza viatu akaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la mitumba limejaa hadi watu wanapita kwa ubavu, na wawili hawa walikuwa wamesimama katikati ya njia, kila mmoja na buti lake mkononi. Mabuti yenyewe yalikuwa ya kazi, ya ngozi nene, yenye chuma mbele. Mwanamume alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shati la buluu lisilo na kifungo cha pili. Mwanamke alivaa gauni la maua ya njano lililomkaa vizuri kiunoni, na hakuonekana kabisa kama mtu wa mabuti.

"Lakini haya ni namba arobaini na moja," mwanamume akasema.

"Ndiyo namba yangu."

"Wewe? Mguu wako ni arobaini na moja?"

"Una tatizo na mguu wangu?"

"Sina. Naionea huruma ardhi tu."

Mwanamke alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Mabuti akayachukua yeye, kijana akayabeba hadi mwisho wa soko, na walipomaliza glasi mbili za juisi kila mmoja alikuwa amekwisha jua kazi ya mwenzake. Mwanamke alikuwa mkaguzi wa usalama viwandani. Kijana alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha unga, kile cha ng'ambo ya reli.

"Mama yangu!" Fundi akashika kichwa. "Mkaguzi! Siku ukija kwetu najificha ndani ya gunia."

"Nitalipima uzito, nitajua tu."

Penzi likaanza hapo, na lilikwenda mbio. Walipigiana simu asubuhi kuulizana wameamkaje, mchana kuulizana wamekula nini, jioni kugombana nani akate simu kwanza. Fundi alimwita Buti. Mkaguzi naye alimwita Shoti, kwa kuwa alikuwa hawezi kutulia mahali pamoja dakika tano. Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera Mkaguzi kila alipolikumbuka: kiwanda cha unga kilikuwa kwenye mafaili yake, na kanuni ya ofisi ilisema mkaguzi asiwe na mtu wake katika kiwanda anachokikagua. Alipaswa kumwambia mkuu wake. Akawa anasema atamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa haiishi.

Jumanne moja, mwezi wa nane wa mapenzi yao, Mkaguzi alimpigia simu akiwa bado kazini.

"Shoti wangu, lile shati lisilo na kifungo bado unalo?"

"Ninalo. Ndilo lililokupata, siwezi kulitupa."

"Keshokutwa usilivae. Vaa lenye vifungo vyote."

"Keshokutwa kuna nini?"

"Hakuna kitu. Vaa tu, laazizi. Huenda ukaonwa."

Fundi alicheka, naye akacheka. Ukaguzi wa Alhamisi ulikuwa wa kushtukiza. Waliopaswa kuujua ni yeye na mkuu wake tu. Lakini kwani amesema nini? Amezungumza habari za shati. Akakata simu huku uso umemchangamka, akarudi kwenye makaratasi yake.

Jumatano, saa kumi kasorobo alasiri, madirisha ya ofisi yakatetemeka. Karatasi zikamwagika mezani. Ng'ambo ya reli lilikuwa limepanda wingu jeupe, kisha likageuka jeusi.

Alimpigia Fundi mara sita. Haipatikani. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akatoka hadi barabarani bila viatu vya kutokea, na mara ya saba simu ikapokewa.

"Niko hai," Fundi akasema. Sauti haikuwa yake. "Nilikuwa stoo ya getini. Buti, msimamizi wetu amekufa. Ndugu yangu Moshi amekufa."

Walikufa wanne. Moshi ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu, mtu mzima mcheshi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sigara zake. Ndiye aliyemtafutia Fundi kazi, na nyumbani kwake Fundi alikuwa akila kama mtoto wa pale, mke wa Moshi akimwita shemeji.

Kesho yake mkuu akamwita Mkaguzi. "Faili ni lako. Nakupa wiki mbili. Nataka kujua nini kimelipuka, na kwa nini."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alitoka na faili kwapani, akamwandikia Fundi ujumbe: *Wewe ni shahidi. Usinipigie mpaka nimalize.*

Fundi alipiga siku ileile. Akapiga kesho yake mara nne. Mkaguzi aliiangalia simu ikilia, akaigeuza kifudifudi, roho ikimuuma. Alijua angemsikia analia tu na yeye angelia, na kazi ingeharibika. Fundi naye, kule chumbani kwake, alikata shauri lake: huyu mwanamke anajua kilichotokea, na ananikimbia.

Unga ukiwa kwenye gunia ni chakula. Unga ukitimuka hewani ndani ya jengo lililofungwa, ukakutana na kitu cha moto, hauna tofauti na petroli. Hili Mkaguzi alilijua vizuri. Cha moto alikipata siku ya tatu, kwenye mtambo wa kupandisha nafaka: beringi iliyokauka grisi hadi ikawa nyeusi. Wafanyakazi walisema ilikuwa ikipiga kelele tangu mwezi uliopita, na meneja alijua.

Lakini meneja wa kiwanda alikuwa na habari yake, na alikwisha ieneza mji mzima.

"Ni sigara," alimwambia, amevaa suti ya kijivu katikati ya majivu. "Marehemu alikuwa mvutaji, kila mtu shahidi. Amewaua wenzake kwa uzembe. Unatafuta nini kingine, dada?"

"Natafuta kabati lake."

Kabati la Moshi lilikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo, limefungwa kwa kufuli. Polisi alilivunja mbele yao. Ndani mlikuwa na suruali safi, picha ya watoto, pakiti ya sigara na kiberiti. Mtu huyu, kwa utani wake wote, aliacha sigara nje kila siku kabla ya kuingia.

Mjane wake alikuwa akisubiri getini, mwanamke mnene mwenye khanga iliyofifia mabegani. Hakusalimia.

"Wanasema mume wangu ni muuaji. Watoto wangu hawataki kwenda shule, wenzao wanawatupia maneno. Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Basi andika ukweli. Sikuombi kingine."

Mkaguzi akakubali. Bado kitu kimoja kilimzunguka kichwani asilale vizuri. Beringi ilikuwa ya moto mwezi mzima. Kwa nini mlipuko utokee Jumatano? Nani aliutimua unga? Alirudi kwenye kifusi, akakuta ngazi imeegemea ukuta, na mpira wa kompresa ya kupulizia hewa umepandishwa hadi kwenye boriti za juu, ambako vumbi la unga lilikuwa limekaa miaka. Mtu alikuwa akilipuliza. Lakini siku ya usafi ilikuwa Jumamosi, mashine zikiwa zimezimwa.

Alikwenda hospitali. Mfagiaji aliyenusurika, mama mmoja mwenye mikono iliyofungwa bandeji hadi viwiko, alizungumza taratibu.

"Jumatano hatufanyagi usafi, mwanangu. Ila siku ile msimamizi alikuja anakimbia. Akasema, harakisheni, shusheni vumbi lote la juu, mashine msizime tusichelewe oda."

"Kwa nini, mama?"

"Alisema kesho mkaguzi anakuja."

Mkaguzi aliandika neno hilo kwenye daftari, akashukuru, akatoka, akatembea. Alipita kituo cha kwanza cha basi na cha pili bila kuviona. Alijua sasa wote wanne walikufa kwa sababu ya nini, na alijua maneno yenyewe yalikuwaje, kwa sauti yake mwenyewe, na kicheko chake.

Chumba cha Fundi kilikuwa kimoja, kitanda upande huu, jiko upande ule, nyaya zimening'inia kwenye msumari. Fundi alifungua mlango akiwa hajanyoa wiki nzima.

"Umekumbuka kwamba nipo," akasema.

"Ulimwambia nini Moshi?"

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Ulimwambia nini?"

Fundi alikaa kitandani, akainuka, akaenda dirishani. "Nimekupigia mara ngapi, Buti? Nilikuwa nataka kukwambia hilohilo. Ukanigeuza shahidi."

"Nilidhani unapiga ulie."

"Nilikuwa nalia! Na nilikuwa na la kusema." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimwambia mkaguzi anakuja Alhamisi. Nikamwambia huyo mkaguzi ni mchumba wangu. Moshi akafurahi, akanipiga bega, akasema basi shemeji akute pamependeza. Mimi mwenyewe nilikuwa stoo natafuta balbu mpya. Nilitaka pang'ae ukija. Nilitaka ujue natoka mahali pa maana."

Mkaguzi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nani alituambia unga unalipuka?" Fundi akauliza. "Niambie. Miaka sita niko pale."

"Hakuna aliyewaambia. Ilikuwa kazi yangu."

Mkaguzi alitamani kumshika, akaogopa kwamba wakishikana hawataweza kufikiri.

"Utaandika?" Fundi akauliza.

"Nikiandika, kazi sina. Huenda nikashtakiwa. Na wewe watu watakula nyama yako. Ndugu wa wale wengine watatu watakuja hapa mlangoni."

"Kwa hiyo unafikiria."

"Nakufikiria wewe!"

"Usinisingizie mimi. Basi mwache Moshi abebe, yeye hana mdomo wa kujitetea." Akafungua mlango. "Nenda, Mkaguzi."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu ile siku ya juisi. Alitoka akijikaza hadi akapinda kona, kisha akalia kwa sauti kama mtoto, watu wakimtazama.

Siku tatu hakukaa kitako. Alianza ripoti akafuta, akapika akasahau kula, akatoka akasahau anakwenda wapi. Mkuu wake, mtu mpole aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alimwita akafunga mlango.

"Nimesoma rasimu yako. Beringi, sawa. Vumbi, sawa. Andika na sigara kama jambo linalowezekana, meneja atatulia. Hilo la kwa nini walifanya usafi Jumatano liache. Swali hilo lina mkia, binti yangu, na sitaki kujua mkia wenyewe umemgusa nani."

Kumbe mkuu alikwisha hisi. Njia ya kuponea ilikuwa imefunguliwa, upana wote. Kilichobaki ni kupita tu. Mkaguzi alirudi mezani kwake, akaitazama rasimu. Akamkumbuka yule mama getini na khanga yake. Akaandika ukurasa wa mwisho bila kupumzika.

Kikao cha kusoma ripoti kilifanyika ukumbini, mchana, feni zikizunguka bila faida. Familia za marehemu zilikaa mbele. Fundi alikuja amechelewa, akakaa nyuma. Mkaguzi alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na alisoma kwa sauti moja. Beringi iliyoachwa bila grisi. Vumbi la miaka juu ya boriti. Sigara za marehemu msimamizi, zilizokutwa zimefungiwa kabatini. Watu wakaguna. Mjane aliinamisha kichwa, mabega yakamcheza.

"Usafi ulifanywa Jumatano, mashine zikifanya kazi," akaendelea, "kwa sababu habari za ukaguzi zilivuja. Zilivujishwa na mimi. Nilimdokezea kwa simu mfanyakazi mmoja wa kiwanda, ambaye ni mpenzi wangu. Uhusiano huo niliuficha ofisini, na niliuficha nilipopewa uchunguzi huu."

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Mkuu wake alifumba macho. Meneja akaruka juu. "Mfanyakazi gani? Mtaje!"

"Alifanya lile ambalo kila kiwanda hufanya kikisikia mkaguzi anakuja. Kosa la kusema ni langu. Simtaji."

"Utamtaja tu!"

"Ni mimi," sauti ikasema kutoka nyuma. Fundi alikuwa amesimama. "Mimi ndiye niliyemwambia Moshi."

Mtu mmoja alimrushia chupa ya maji. Polisi wakaingia kati. Mkaguzi alimtazama juu ya vichwa vyote vile, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile hakutaka kwenda mahali pengine popote.

Nje, Mkaguzi alisimama kwenye ngazi za ukumbi, amekwisha kabidhi kitambulisho chake cha kazi. Fundi alisimama pembeni yake, shati limelowa.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Kwa nini ulisimama?"

"Nimekukosea, Buti. Nilidhani unajiokoa."

"Nilifikiria kujiokoa. Siku tatu nzima. Usinipambe."

"Nataka kukuoa."

"Leo? Na haya yote?"

"Haya yote hayataondoka. Nataka tuwe nayo nyumba moja."

Kabla Mkaguzi hajajibu, akamwona mjane anawajia. Watu walimpisha njia. Alisimama ngazi moja chini yao, akawatazama mmoja baada ya mwingine, macho mekundu, makavu.

"Mmemrudishia jina lake," akasema. "Watoto wake nimewaambia sasa hivi kwa simu."

"Shemeji..." Fundi akaanza.

"Ngoja nimalize. Mume wangu alikufa anapamba kiwanda kwa ajili ya mchumba wako. Kila nikikuona nitalijua hilo. Usije kwangu sasa, shemeji. Siwezi." Alijifunga khanga vizuri, akavuta pumzi. "Siku nikiweza nitawaita. Nikiwaita, mje wote wawili. Asije mmoja."

Akashuka, akapotea katikati ya watu. Fundi alikaa kwenye ngazi, akalia. Mkaguzi akakaa naye, akamshika mkono hadharani.

"Asije mmoja," akasema. "Umesikia? Basi nimekubali."