Dole Gumba la Buberwa

Haya nilisimuliwa na Georgina, mjane wa Sajenti Kashaija, msimu wa senene wa mwaka juzi, tumekaa uani kwake Rwamishenye tunawanyonyoa mabawa panzi hao wa kuliwa. Yeye aliambiwa na mumewe, nami nayaandika kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tatu, mwaka 1954. Saa moja asubuhi, huko Ijumbi, Muleba, mama mmoja aitwaye Alistidia aliteremka kijitoni kuteka maji. Akamkuta mwanawe wa pekee, Buberwa, amelala kifudifudi, uso majini, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Yowe lake lilifika kilimani. Wanawake waliokuwa mashambani wakaweka majembe chini pale pale, maana kwetu Uhayani mtu akifa kijijini hakuna anayelima mpaka azikwe.

Buberwa alikuwa mfanyakazi wa kinu cha kukoboa kahawa cha Mgiriki mmoja, Lazaridis. Na huyu Mgiriki alikuwa na jambo lake. Kibali chake cha kukaa nchini na kufanya biashara kilikuwa kinakwisha mwezi ule, na hakirefushwi mpaka aonyeshe wenyeji kumi aliowaajiri nusu mwaka au zaidi. Wakiwa tisa, afungashe virago. Afisa Mwingereza huja toka Bukoba, akawaona kwa macho yake, na kila mmoja akapiga dole gumba kitabuni. Hesabu ilifanyika Alhamisi, siku moja kabla ya yowe lile, saa nne asubuhi. Kumi walitimia.

Kashaija alifika saa saba mchana na gari la polisi. Alikuta mtu ameshafungwa kamba kwenye nguzo ya kinu, mdomo umepasuka. Alikuwa Omary, dereva wa lori la kukodi, mtu wa kuja kutoka Tabora.

"Muuaji huyo, Afande," alisema Rugemalira, mnyapara wa kinu. "Juzi Jumatano alimwambia Buberwa, 'Nitakuvunja miguu.' Watu wote walisikia."

"Kisa nini?"

"Buberwa alisema lori lake linakohoa kama bibi yake."

"Ulikuwa mzaha!" Omary alilia. "Jumatano hiyo hiyo saa tisa alasiri niliondoka na magunia. Nililala Rwamishenye, wapagazi wa pale ni mashahidi. Nimerudi jana saa kumi jioni."

Rugemalira akacheka. "Vizuri. Buberwa jana saa nne asubuhi alipiga dole, mzima. Jioni ukarudi wewe, asubuhi yeye maiti. Kitanzi kitakuenea, shemeji."

Kashaija alifungua kitabu cha hesabu, kilichokuwa bado kinuni. Alama ya kumi ilikuwa pale, nyeusi. Akaenda kwa maiti, akainua mkono. Wino ulikuwa kwenye dole gumba, na mistari ilikuwa ile ile. Kama kitabu kilisema kweli, Omary alikuwa wa kunyongwa.

Kisha akatazama jeraha la mguuni. Maganda ya kahawa yalikuwa yamegandia ndani ya nyama, na kijitoni hapakuwa na ganda hata moja. Akawaita wafanyakazi.

"Nani alimwona Buberwa amesimama jana?"

Mzee Kaijage, mmoja wao, akakohoa. "Alikuwa na homa, waitu, bwana wangu. Alilala stoo, kafunikwa blanketi. Afisa alimchungulia toka mlangoni, akaogopa kuambukizwa. Mnyapara ndiye aliyemwingizia kitabu."

"Alisema neno?"

"Sikusikia neno."

Lazaridis alikuwa barazani na kikombe chake. Kashaija alimuuliza alikokuwa.

"Bukoba, tangu Jumatano asubuhi. Jana nikaja na afisa. Yeye mwenyewe atakwambia."

"Mtu wa kumi alikuwa hai?"

"Nilitakiwa kumi, nikaonyesha kumi. Kuhesabu ni kazi ya mnyapara."

Saa kumi jioni Kashaija alikata njia kupitia kibanja cha Rugemalira, shamba la migomba lililozunguka nyumba yake. Nyuma ya migomba, mke wa mnyapara huyo, Kokuberwa, alikuwa na shamba la maharage, na tuta lilikuwa limeachwa katikati. Kikapu cha mbegu kilikuwa hapo hapo, mbegu zimevimba kwa maji. Mvua ilikuwa imenyesha Alhamisi saa tano. Mashamba ya majirani yalikuwa na udongo mpya uliopinduliwa baada ya mvua. La Kokuberwa lilikuwa limepigwa na mvua likalainika lote.

Alimkuta ameketi mlangoni.

"Mae," alimwita mama kwa Kihaya, "jembe uliliacha lini?"

"Leo, kama wenzangu."

"Wenzako walilima jana mpaka jioni. Wewe hukugusa udongo tangu kabla ya mvua."

"Mgongo uliniuma."

"Mae, jana kijijini hakuna aliyejua msiba. Wewe uliacha jembe kwa ajili ya maiti ya nani?"

Kokuberwa alijiziba mdomo kwa kiganja. Rugemalira, aliyekuwa amemfuata Kashaija nyuma nyuma, akafoka:

"Mpumbavu mkubwa! Si nilikwambia ulime kama kawaida?"

Neno lilikuwa limeshatoka.

"Alinieleza Alhamisi alfajiri, nikiwa nimeshaanza tuta," Kokuberwa alisema polepole. "Nisingeweza kutia jembe ardhini na mtoto wa Alistidia hajazikwa."

Watu walikuwa wameanza kujaa uani, Alistidia akiwa mbele. Rugemalira aliwatazama, akaona hana pa kwenda.

"Mkanda wa mashine ulimvuta mguu, Jumatano jioni, wenzake wameshaondoka," alisema. "Angepelekwa hospitali wangebaki tisa. Mtu mpya hakubaliki, hajatimiza nusu mwaka. Mgiriki akifukuzwa mimi nani tena? Nishike jembe na mke wangu?"

"Ukamfungia stoo."

"Mpaka hesabu ipite tu. Lakini alikuwa anapiga kelele. Nikamtia gunia mdomoni. Jogoo wa kwanza alipowika, alikuwa amekwisha."

"Na dole?"

"Mkono ulikuwa umekakamaa. Niliukunjua. Usiku wa jana nikambeba, nikamtupa kijitoni."

Alistidia alisogea mpaka karibu naye. "Jumatano usiku nilipomletea chakula chake ukaniambia ana kazi, hatoki. Aliniita?"

Rugemalira alijibu kama anayejibu karani. "Alikuita mpaka nilipomziba."

Omary alifunguliwa kamba. Hakuna aliyemwomba radhi.

Jumamosi asubuhi Kashaija alimfikisha Rugemalira rumande Bukoba, akaenda kwa yule afisa na kitabu. Afisa alikisukuma kando. Alisema muhuri umeshapigwa na haupigwi mara mbili. Yeye hawezi kuandika kwamba alihesabu maiti. Muuaji amepatikana, yatosha. Kwa hiyo Mgiriki alibaki na kibali chake. Na Jumatatu iliyofuata, mtu mwingine alikuwa amesimama kwenye mashine ya Buberwa.

Mchana ule wa Jumamosi Kashaija alifika kwake, akaketi bila kuvua viatu. Alimwambia Georgina yote, mpaka lile jibu alilopewa Alistidia. Georgina akaenda jikoni kumpakulia ndizi. Aliporudi alimwambia, "Kula, Baba Ephrasia," lakini kichwa kilikuwa kimeangukia ukutani, na alikuwa ameshalala.