Mkato Uliookoa Ukurasa wa Chanjo

Mama Pacha alikuwa fundi wa kurasa za mtandao. Kazi aliifanyia nyumbani, kwenye meza ya chakula, wanawe wakiwa shuleni. Safari hii zahanati ilimpa ukurasa wa siku za chanjo. Akina mama walikuwa wakifika na watoto wachanga siku isiyo yao, wakarudishwa. Muuguzi mkuu aliutaka ukurasa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi ukurasa ulivurugika. Tarehe zote zilirundikana kona moja kama nguo chafu. Chanzo alikijua. Katika lugha ya kurasa, kila kitu huanza na alama ya kufungua na kuishia na alama ya kufunga. Mahali fulani alisahau kufunga. Lakini wapi, katika mistari mia sita? Alitafuta hadi adhuhuri. Macho yakamuuma, mkono ukafa ganzi.

Mumewe, seremala, alimwonea huruma. Akampigia simu dada yake, mzoefu wa kazi hiyo hiyo. Dada alipoingia, mume akatania kwamba sasa nyumba ina wifi mbili: ya intaneti na dada yake. Mama Pacha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Wifi alivuta kiti, akaitazama skrini.

"Haya yote umeyaandika kwa mkono?"

"Alama kwa alama, wifi yangu."

"Umejitesa bure. Kuna lugha ya mkato. Unataja jina la kitu tu. Kilicho ndani ya kingine, unakisogeza kulia kidogo. Programu inafungua na kufunga yenyewe."

"Na simu za watu zitauelewa huo mkato?"

"Hapana. Programu huugeuza kwanza kuwa lugha ndefu. Kwa hiyo lugha ndefu usiisahau. Utaihitaji kukagua kilichotoka."

Akamfundisha kuandika siku moja ya wiki, kisha kuiagiza programu irudie kwa kila tarehe yake. Mama Pacha akajaribu. Alisogeza mstari mmoja vibaya, Jumatano ikaingia ndani ya Jumanne. Kosa aliliona papo hapo, maana mistari ilikuwa arobaini tu. Akalisahihisha. Siku zikajipanga safu kwa safu.

Ijumaa ukurasa ulifika zahanati. Wiki iliyofuata muuguzi alipiga simu kwa wasiwasi: chanjo ya surua imehamishiwa siku nyingine. Akaanza kuomba radhi kwa usumbufu. Mama Pacha alimsikiliza huku akibadili mstari mmoja na kuukagua.

"Tayari, dada," akasema.

"Tayari nini?"

"Tarehe. Hebu tazama."

Kisha akamsikia muuguzi akimsomea mama mmoja pale zahanati siku yake mpya.