Imebaki Kuongea Tu

Wengine watakusimulia walichosikia kwa jirani. Mimi nilikuwepo, bwana! Nilisimama mlangoni na macho yangu haya, yanayosoma namba ya lori likiwa bado Vwawa. Anayebisha aje kijiweni kwetu sisi bodaboda, Tunduma, aniulize.

Jua lilikuwa linazama. Getruda, muuza viatu vya mtumba, alifunga meza yake akanikodi nimfikishe kwa Ezron mchoraji. Katikati yetu kwenye pikipiki alikaa binti yake Angel, miaka saba. Mdomo wa yule mtoto! Akianza kuongea Tunduma, madereva wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanazima redio. Getruda ni mjane. Nyumba yake haikuwa na sauti nyingine.

Ezron alizoea kuchora vichwa kwenye kuta za saluni. Safari hii alipata kazi ya maana, kitabu cha picha cha watoto, na mtoto wa kitabuni alimchora kwa kumwangalia Angel.

"Ni rasimu tu, mama Angel," alisema, akiweka karatasi mezani. "Wino mtupu. Rangi bado."

Getruda akainama. Chumba kilinuka kitu... kama majivu yaliyomwagiwa maji. Lakini akaisahau ile harufu, maana pale kwenye karatasi alisimama mwanawe, katikati ya mibuni, ndoo kichwani. Mistari haifiki hata ishirini! Mguu mmoja unakuna mwingine. Pengo la jino. Kigauni kinateleza begani, na bega lenyewe ni mstari mmoja tu, umeshushwa bila kusita. Getruda alitamani kukipandisha.

"Mama, mbona sina viatu?" Angel alikuwa juu ya dumu, anachungulia. "Na hiyo ndoo ina nini? Kaka Ezron, mbona..."

"Hata doa hakuna," Ezron alijisifu.

Getruda akacheka. "Kaka, una mkono wewe. Hii imebaki kuongea tu!"

Angel alikuwa bado anauliza.

Neno la Angel lilikatika katikati. Midomo ilicheza. Koo likapanda, likashuka. Sauti... hakuna.

"Angel?"

Mtoto akafungua mdomo tena, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka.

Na mezani, karatasi ikasema:

"Ndoo nzito, mama."

Kalamu ilimdondoka Ezron. Alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Huu wino umeutoa wapi?" Getruda alinong'ona.

"Nakonde. Kuna mayo mmoja, mama mtu mzima, alinipa bure. Akasema nisimalize bila kuacha doa. Eti kama mtoto mchanga anavyopakwa masizi usoni, sifa za watu zisimdhuru." Akaitazama kalamu pale sakafuni. "Nikaona ananifundisha kazi."

Getruda alipaka kidole masizi ya koroboi, akalitia doa paji la uso wa picha. Akangoja.

Angel akafungua mdomo.

"Mama, unanichafua," ikasema karatasi.

Ezron alichukua kiberiti. Getruda aliinyakua ile picha akaikumbatia kifuani. "Ukiichoma hii, utakuwa umemchoma nani?"

Hospitali walisema koo zima. Kanisani waliomba siku tatu, na mimi nakwambia waliomba mpaka mabati yakatoa jasho. Nakonde, yule mayo hajulikani hata kwa jina.

Sasa Getruda anatembea na ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, chini ya kanga. Mvua ikianza tu anakimbia kama amebeba kichanga. Angel akifungua mdomo, mfuko unajibu. Lakini pale karatasi inapokunjwa, wino umeanza kupauka. Wiki iliyopita sauti ilikuwa ndogo. Juzi Getruda aliweka sikio kabisa.

Haya. Mnanijua, chumvi naongeza. Ya mabati mnisamehe. Ila kuna moja nililotunga ambalo si chumvi.

Getruda hakucheka, wala hakusema neno lile. Aliitazama picha, machozi yanamlenga, mkono juu ya mdomo. Mtu aliyeropoka pale mlangoni, akitafuta kuchekesha, kwamba imebaki kuongea tu...

Ni mimi.

Na kila nikiwapita barabarani Angel hunitazama, anafungua mdomo. Nakoleza moto pikipiki, nisisikie mfuko unasema nini.