Gari Lililoruka Getini

Gari jeupe lilikuwa juu ya jeki gerejini, tumbo wazi, mafuta ya kijani yakidondoka kwenye karai. Kifaa chake cha valvu, kile kinachogawa mafuta ndani ya giaboksi ya mkanda, kilikuwa kimefunguliwa kwa ustadi na kuibwa.

Kufuli halikuvunjwa. Alama za vidole hazikupatikana. Mwizi alivaa glovu. Basi polisi wa zamu wakafanya lililo jepesi: wakamtia mlinzi mahabusu.

"Mlinzi hajui hata kubadili tairi," alisema mwenye gereji. "Lakini funguo anazo."

"Nani mwingine anazo?" aliuliza Inspekta aliyekuja kupeleleza.

"Mimi, na huyu fundi wangu, Daktari."

Walimwita Daktari kwa jinsi alivyosikiliza injini huku amefumba macho.

"Mimi nililala kwangu, afande. Muulize mke wangu."

"Nimewauliza wake wengi. Waume wote wa mji huu hulala kwao." Inspekta alimgeukia mwenye gereji. "Mwizi atakipeleka wapi?"

"Kwenye gari la aina hii hii. Na litamsumbua. Kila kifaa kina vipimo vyake, lazima vinakiliwe kwenye kompyuta ya gari. Bila hivyo, gari huruka kila linapoondoka."

"Mashine ya kunakili iko wapi?"

"Nyumbani kwangu, tangu juzi."

"Kailete."

Mchana gari la kijivu, la aina ile ile, lilisimama getini. Mama mtu mzima aliteremka na bakuli la chakula. Daktari akalipokea kwa mikono miwili, macho chini.

"Nani huyo?" Inspekta alimuuliza mwenye gereji.

"Mama mkwe wake. Anampenda kuliko wanawe wa kuwazaa."

Mama alirudi garini, akatia gia. Gari likaruka kama mbuzi aliyevutwa kamba.

"Samahani, mama," alisema Inspekta. "Zima gari."

Mashine ilionyesha vipimo havilingani. Walipolifungua gari, namba kwenye kifaa ilikuwa ya gari jeupe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwenye gereji alinung'unika.

Mahojiano yalifanyika ofisini. Mama mkwe alikataa kutoka.

"Ulikifunga wewe?" Inspekta alimuuliza Daktari.

"Ndiyo, afande."

"Cha mama kilikuwa na nini?"

"Valvu ziling'ang'ana. Nilikuwa nimeweka mafuta mekundu, ya giaboksi ya kawaida."

Mwenye gereji alishika kichwa. "Wewe? Si ndiwe unayewafukuza wateja wanaoleta mafuta hayo?"

"Hukujua kwamba yataharibu?" Inspekta alimuuliza Daktari.

"Nilijua."

"Kwa nini basi?"

Daktari hakumtazama mtu. "Aliyanunua mwenyewe. Alikuja nayo anacheka, akasema, 'Mwanangu, leo nimekurahisishia kazi.' Ningemwambiaje mama mkwe kwamba amekosea?"

"Ukaona heri kuiba."

"Niliona heri gari lipone kabla hajajua. Vipimo ningenakili mashine ikirudi."

"Na mlinzi analala kwenye saruji kwa ajili yako."

Aibu ilimjaa fundi usoni, safari hii aibu ya kweli.

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Muuza mafuta alinionya. Aliniambia, 'Mama, haya si ya gari lako.' Nikamjibu kwamba mkwe wangu ni fundi. Yakiwa mabaya, ataniambia."

Inspekta aliagiza mlinzi aachiliwe, kisha akatoa pingu. Daktari alizipokea kwa mikono miwili, macho chini.